Saa Nilizoandika Pembeni

Jumapili, mchana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako la kulia limepunguza ugomvi. Mwambie Mama mafuta ya kifua aliyomtumia mjukuu wake yamefika na chupa haikupasuka. Sisi hatujambo, ila uchovu tu. Bonge ameota jino la pili, na mtu wa kwanza kulijaribia ni mimi ninayemnyonyesha. Ukiona mwandiko unayumba, ujue nimempakata huku naandika. Baba yake ameitwa kazini ingawa ni Jumapili. Nyaya za umeme za watu hazijui siku ya kupumzika.

Najua umenipigia simu mara tatu sikupokea. Si dharau, Baba. Jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia, nawe utanibembeleza, na nikibembelezwa sitalimaliza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba neno zito liandikwe.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu yale ya mahakamani na mwili wangu haujatulia. Kiti kikiburuzwa tu, nashtuka.

Ilikuwa kesi ndogo, ya ngumi bombani. Mama mmoja muuza mitumba alimvunja jirani yake jino wakigombea foleni ya maji. Mshtakiwa huyo alikuwa mjamzito, tumbo kila mtu aliliona, ila mwenyewe alisema amebakiza mwezi mzima. Alikuwa amekwisha kuomba kesi iahirishwe mara mbili, kwa hiyo siku hiyo Hakimu wetu aliingia uso ameukunja tangu mlangoni. Mama wa watu alipoomba kukaa, Hakimu alisema kwamba hukumu ikikaribia kila mtu huumwa tumbo, na kwamba kizimba si sebule. Watu walicheka. Hata mimi, Baba, mdomo ulinicheza.

Basi mwanamke akabaki amesimama. Mwendesha mashtaka alimuuliza swali, akanyamaza, ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Kisha akajibu vizuri tu. Akaulizwa la pili, akajibu. La tatu, kimya tena. Mwendesha mashtaka akalalamika kwamba mshtakiwa anaidharau mahakama, anajibu anapotaka yeye. Hakimu akaniamuru mimi karani wake niandike hivyo hivyo. Nikaandika.

Saa nne na robo maji yalimwagika kizimbani. Yule tarishi wetu unayemfahamu, Kengele, alidhani ni mkojo, akakimbilia kumfokea. Ndipo mwanamke alipochuchumaa akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu nilipoitoa mwenyewe. Mahakama nzima ilisimama. Askari alivua kofia, sijui kwa nini. Mwendesha mashtaka, na mdomo wake wote ule, akawa anauliza tu kama kesi imeahirishwa au haijaahirishwa.

Benchi la nyuma kabisa alikuwapo mama mmoja mkunga, mstaafu, aliyekuja kutoa ushahidi wa mpaka wa kiwanja. Aliruka mabenchi kama msichana. Aliniita mimi kwa kuwa nilikuwa karibu, akaniambia niache kuduwaa nije nishike kichwa. Mtoto alitoka haraka, wa kiume, rangi yake kama wino, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Hakulia. Mkunga aliomba kitu cha kufungia kitovu. Nikauvuta utepe wa faili iliyokuwa mezani, nikampa, karatasi za mashahidi zikatawanyika sakafuni na hakuna aliyeziokota. Wakili wa kesi iliyofuata alivua joho lake bila kuombwa. Nikamsugua mtoto mgongo kwa joho lile, nikasugua, nikasugua, mkunga akimpulizia pumzi kidogo kidogo. Alipokohoa na kutoa kilio chembamba kama cha paka, maziwa yangu yalichuruzika, yakalowesha blauzi mbele ya Hakimu na kadamnasi yote.

Hayo najua umeshayasikia, maana Kengele ameyatangaza kila kona kwamba binti wa mkuu wake wa zamani ni shujaa. Hakimu mwenyewe alinishika bega, akasema ataniandikia barua ya pongezi. Ikija huko nyumbani, Baba, usimwonyeshe mtu.

Sasa nikueleze lile ambalo Kengele halijui.

Tulipokuwa tunasubiri gari la wagonjwa, mkunga alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Aliuliza, bila kumlenga mtu, uchungu ulimwanza saa ngapi. Nami kabla sijafikiri nikamjibu: saa tatu na dakika kumi, mwanzo kila baada ya dakika saba, kisha tano, kisha nne. Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha daftari la mwenendo wa kesi. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu uliyonipa wewe siku ya kwanza ya kazi, nilikuwa nimeandika saa ya kila kimya chake. Alikuwa amenyamaza mara kumi na tatu. Aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniua: kumbe, mwanangu, ulikuwa unamhesabia.

Ndiyo. Nilijua. Tangu kimya cha tatu nilijua, maana miezi minane iliyopita nilishika nguzo ya kitanda vivyo hivyo. Na nikanyamaza. Wewe uliyekuwa karani kabla yangu ulinifundisha kwamba karani ni kalamu na kalamu haina mdomo. Sikulaumu, kila mzee humfundisha mwanawe kile kilichomlinda. Lakini mdomo ulikuwa wangu mimi, na niliufunga karibu saa nzima, huku nikiandika kwamba yule mwenzangu ana dharau.

Mtoto bado yuko wodini. Mkono wake wa kushoto haufumbiki. Daktari anasema kitovu kilimbana, na kwamba angefikishwa mapema wangemwahi. Zaidi ya hapo, tusubiri. Nilimwendea mama yake nikamwambia yote. Akaniomba nimshikie mtoto akaoge. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuuliza. Kesi yake imeahirishwa hadi mwezi ujao.

Msajili ametaka kila mmoja wetu aandike maelezo. Kengele aliziona zile namba pembeni, akadhani ni uchafu, akanishauri kiungwana niunakili ukurasa upya. Najua nawe ungenishauri hivyo. Ijumaa nimelipeleka daftari kama lilivyo. Hakimu hajanisemesha tangu hapo. Huenda nitafukuzwa, huenda nitaonywa tu.

Lakini hata nikiachwa, Baba, sibaki. Ile nafasi ya chuo cha sheria uliyowatangazia majirani wote, nimeirudisha. Nimeomba chuo cha ukunga. Mkweo aliposikia aliniuliza kama kweli naacha uwakili nikafute watu damu. Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuosha vyombo, kazi ambayo hajaigusa tangu anioe. Wewe utauliza nitayaweza wapi masomo yale. Kumbuka shuleni Biolojia niliifaulu kuliko Uraia, ila wewe ulisema walikosea kusahihisha.

Usidhani nakimbia aibu. Aibu nitakwenda nayo. Ila kule wodini nako wanaandika saa za uchungu, nimeziona, kwenye karatasi kubwa yenye mistari. Muuguzi akiona zimekaribiana, anainuka. Nami nataka kuwa mtu wa kuinuka.

Nakumbuka zamani, zilikuwapo siku ulizorudi kutoka mahakamani ukakaa uani na viatu mguuni mpaka giza, hutaki chai wala salamu. Mama alitukataza kukusogelea, akisema tumwache baba, amechoka. Sisi tulikucheka kwa siri, tukaziita siku za viatu. Baba, mimi nami nimekaa na viatu siku kumi na mbili.

Sikuombi ruhusa, hilo nimeshaliamua. Nakuomba radhi zako. Na ukinijibu, usianze na habari za kazi wala chuo. Nieleze siku moja tu katika zile siku za viatu. Uliona nini, ukakaa kimya?

Nitaingoja. Mpe Mama salamu zangu zote, umsomee barua hii polepole, usiruke hata sehemu unayodhani itamuumiza. Kona iliyoliwa hapo chini si panya, ni mjukuu wako, na jino lile lile.

Mimi mwanao nikupendaye,

Mama Bonge