Unyayo wa Kushoto wa Baraka

Jumanne, 4 Machi
Kliniki tena. Plasta ya mjukuu wangu Baraka ikalowekwa, ikabanduliwa, mguu ukavutwa kidogo, plasta mpya. Kila wiki hivyo hivyo, maana kazaliwa unyayo wa kushoto umegeukia ndani. Walituambia hakuna upasuaji. Leo wanataka kukata mshipa wa kisigino, "kidogo tu". Nawajua watu wa kidogo tu. Siwaamini. Binti yangu Neema anaamini kila mwenye koti jeupe.

Jumanne, 25 Machi
Plasta ya mwisho, ile ya baada ya kukatwa mshipa, imetoka. Mguu umenyooka. Sipendi kukiri. Sasa kapewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Pingu! Avae usiku na mchana, avuliwe kuoga tu. Nikamuuliza fundi wa plasta, asipovaa je?
"Bibi, mguu utarudi ulikotoka."
Vitisho.

Jumatano, 30 Aprili
Neema karudi hapa Ilomba kutoka Kihesa kwa wakwe zake. Alikwenda kwa Pasaka na ubatizo wa Baraka, wiki mbili. Nimemwogesha Baraka. Unyayo unaanza tena kugeuka. Nimeandika makala nzima ya gazeti kabla ya chai: kliniki wanawafanyia majaribio watoto wa wakulima.

Ijumaa, 2 Mei
Kuna kitu. Ngozi haina hata alama ya mkanda wa kiatu. Neema hanitazami. Nikaomba picha za ubatizo. Kanisani, soksi nyeupe. Mezani, peku. Mgongoni kwa shangazi yake, peku.
"Viatu vilikuwa wapi?"
"Kwenye begi, mama. Ulitaka waseme nimewazalia kilema?"
Nilifoka mpaka jirani akazima redio asikie vizuri. Makala nimeifuta. Kumbe nilikuwa nashuku watu wasiohusika.

Jumanne, 6 Mei
Plasta upya. Fundi hakugomba. Kasema mguu bado laini, utanyooka, ila safari hii viatu visilale kwenye begi. Nilimkazia macho nione kama anadanganya. Sijaona. Nitaendelea kuangalia. Baraka alilia hadi sauti ikakauka. Neema naye.

Jumamosi, 17 Mei
Soko la Uyole. Baridi. Neema alimbeba Baraka kifuani, hakumfunika miguu. Plasta nje, watu wanageuka. Mama muuza viazi akauliza, "Mwanangu, huyo kavunjika?"
Nilishafungua mdomo. Neema akaniwahi.
"Hajavunjika, mama. Ananyooshwa mguu."
Yule mama akavishika vidole vya Baraka vilivyochomoza kwenye plasta. "Vya baridi hivi. Mvalishe soksi juu ya plasta." Neema akamvalisha pale pale, mbele ya watu.