Haipa na Haipo

Muyeye, Malindi
2 Julai 2024

Kwa mjukuu wangu Hadiya,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti, na magoti hayakuanza leo. Wewe je? Unakula, au unakula vitabu tu huko chuoni Machakos?

Simu usinipigie. Sikio la kulia limekufa, la kushoto husikia likitaka. Kuandika nilifunzwa ngumbaru nina miaka hamsini na mbili, nikatoka wa kwanza. Basi andika.

Nilikwenda kliniki. Yule daktari kijana, Nahashon, mtu wa bara, kanifunga mkono, kapampu, kakunja uso. Kanipa vidonge, na kwenye kadi kaandika: hypertension. Namuuliza nini hii, anasema, "Ni presha, mama." Presha naijua! Nimeuliza neno. Nikalisoma mwenyewe: hi-pe-ri-te-nsi-o-ni. Akacheka. Mbele ya Kadii, huyu jirani muuza mahamri! Nifunze hilo neno nirudi nikamtie adabu.

Idi mbili hukuja. Sisemi kitu.

Bibi yako,
Harusi binti Mahadhi


Machakos
15 Julai 2024

Shikamoo bibi,

Natumai magoti yamepoa. Mimi sijambo, nakula, Kavata ninayelala naye chumba kimoja ni shahidi.

Maneno haya ni ya Kigiriki, bibi, hayamezwi mazima. Yanakatwa vipande kama nguru, na siri iko kichwani. Kichwa kikiwa haipa, kitu kimezidi. Kikiwa haipo, kimepungua. Ukisahau, kumbuka Kiswahili chako, haipo ni haipo. An ni bila: anemia, bila damu. Mono ni moja, peke yake. Lako sema hivi: haipa-tensheni. Presha imezidi. Kwa hivyo vidonge umeze kila asubuhi, usiruke hata siku moja.

Idi nilikuwa zamu wodini. Nisamehe. Mwezi wa nane nitakuja.

Mjukuu wako,
Hadiya


Muyeye
31 Agosti 2024

Kwa Hadiya,

Salamu. Mimi mzima kabisa, na sababu ninayo.

Nimerudi kwa Nahashon. Kapima, kasema haipo-tensheni. Nilisikia vizuri. Haipo! Na wewe mwenyewe umenifunza, haipo ni haipo. Basi presha haipo, na mtu asiye na presha vidonge vya nini? Nimeviweka juu ya kabati tangu wiki mbili.

Leo mwezi wa nane unakwisha. Pilau niliyokupikia Ijumaa nimekula na Kadii. Anakula sana yule.

Bibi yako,
Harusi


Machakos
4 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Si haipo, bibi, ni HAIPA! Haipa, imezidi! Nakuomba kwa Mungu, rudia vidonge leo hii. Nimempigia Kadii aje akusimamie mpaka umeze. Ningekuja mwenyewe, lakini mitihani inaanza Jumatatu, nikiikosa narudia mwaka mzima.

Kurasa hizi tatu nyingine nimekuandikia vichwa vyote vya maneno, kimoja kimoja, ili usichanganye tena. Tafadhali visome kwa sauti.

Hadiya wako


Muyeye
26 Septemba 2024

Kwa Hadiya,

Salamu. Natumai mitihani imekwisha na umefaulu. Kwetu hapana mtu wa kufeli.

Kadii alikuja mbio, unga mikononi, akapanda kiti kutafuta vidonge juu ya kabati. Hapana kitu. Vilikuwa pale pa siku zote, kando ya birika, vimebaki vitatu. Kavihesabu, kaniangalia. "Mamangu Harusi, kumbe unameza!" Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Nahashon alisema haipa. Nilisikia. Na kadi ninayo, najua kusoma. Nilidhani mtu akiambiwa bibi yake ameacha dawa, hupanda basi. Wewe umeniletea kurasa nne, haipa umeipigia mstari mara saba.

Nimekosa, nimesema uongo kwa karatasi, na hili ndilo ombi langu la msamaha. Hutalipata jingine.

Kurasa nimezisoma zote, kwa sauti kama ulivyosema. Kuna makosa mawili ya Kiswahili, nimeyatia alama, utayaona. Sauti yangu nayo niliisikia. Miezi sasa nilikuwa sijaisikia ndani ya nyumba hii, maana Kadii akija husema yeye peke yake. Nimefika mono, nikasimama. Kikombe mono. Sahani mono. Hilo halikunitatiza, sikuhitaji mwalimu.

Jana nimepimwa tena. Imepanda, ingawa sikuruka hata siku moja. Nahashon kaketi karibu, kasema kwa sauti kubwa ya kusemea viziwi, "Mama, nyumbani kuna shida?"

Nikamwambia, "Haipo."

Akaandika kwenye kadi. Kigiriki chake ndicho hicho, hakuelewa kwamba nimemwambia kuna kilichopungua.

Kitanda chako nimekianikia godoro na kukitandika shuka ya maua. Barua hii usiijibu kwa barua.

Bibi yako,
Harusi