Papa, Karatasi Yako Nimeituma na Jina Lako

Papa,

Ni mimi, Furaha, binti yako. Bado tuko kwenye flat ileile ya Albert Park, na mimi bado nasuka saluni. Koti lako la ulinzi analivaa Mama akienda sokoni, mikono inamfunika mpaka vidole.

Sasa sikia. Kule kwetu bunge linatunga sheria mpya ya bajeti. Wamechoka: kila mwaka serikali inatumia kupita kiasi, halafu wabunge wanaletewa wapitishe pesa ambayo imeshaliwa. Kamati imeomba waliofanya kazi wizara ya fedha waeleze pesa ilikuwa inatoka namna gani. Mpaka sisi wa Durban tumetangaziwa kanisani.

Eish, Papa! Nilikukumbuka palepale. Mlinzi wa ghala la Mobeni, na siku ya hotuba ya bajeti ya hapa unatunyamazisha wote kwa ajili ya redio! "Sikieni," unasema, "hawa wanaomba kwanza, ndipo wanatumia." Nilidhani unapenda tu mahesabu. Mpaka hospitali uliponipa ile karatasi, ukaniambia niisome nikishakuzika.

Niliisoma. Umeandika yote ya miaka yako ya ukarani wizara ya fedha kule kwetu: wiki ya mwisho ya Desemba mnafungiwa ofisini na kuku na soda, mnatia sahihi vibali vya pesa iliyotumika tangu Machi. Magari. Safari za wakubwa. Na dawa za hospitali za mikoani zikakatwa ili hesabu ikae sawa. Chini kabisa: "Na mimi nilitia sahihi."

Mama alitaka nilifute jina lako. "Unamvua baba yako nguo kaburini," aliniambia, na leo siku ya tatu hanisemeshi. Mimi nilikukasirikia, Papa, sitakudanganya. Mikono iliyonifunga kamba za viatu ndiyo iliyokata dawa za watoto wa watu! Nililia mbele ya wateja, chanuo mkononi. Lakini karatasi isiyo na jina wataiita umbea, wataitupa, na Desemba ijayo watafungiwa wengine. Na kama ungetaka kufichwa, si ungeichoma mwenyewe?

Jana nimeituma kwa kamati. Nzima.

Pumzika, Papa wangu. Nakupenda, na hasira bado iko. Mama nitamsubiri mpaka anisemeshe tena. Na siku kamati ikilisoma jina lako, ikauliza nani wa kwake, nitasimama mimi.

Furaha