Mafuta ya Maganda na Mikono ya Mama

Nachingwea,
17 Novemba 2024

Mpendwa dada Gaudensia,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Bukoba? Shemeji Kasmiri na watoto hawajambo? Kifua cha Prisila kimetulia? Sisi tu wazima wa mwili, ila joto linatutesa na mvua bado.

Dada, nakuandikia habari ambayo mama yako hakutaka uijue. Vidole vyake vimeharibika. Msimu huu kikundi chao pale Mandawa kimepata korosho nyingi za kubangua, na mafuta ya maganda yanawaunguza. Majivu wanayojipaka hayasaidii tena. Mkono wa kulia hawezi kukunja ngumi.

Ile mashine ya kubangua waliyopewa na parokia imelala kwa kukosa dizeli. Mimi, kwa kuwa nafundisha kemia, niliwaambia mafuta hayohayo ya maganda yanaweza kuiendesha, yakipashwa moto pamoja na unga uitwao zeolaiti. Unga huo una vitundu visivyoonekana kwa macho. Molekuli za mafuta zikiingia humo hupasuka, mafuta yanakuwa mepesi kama dizeli. Kumbe molekuli za mafuta ya korosho ni kubwa mno, zinakwama mlangoni.

Nikauchemsha unga kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ili vitundu vipanuke. Mara moja tu nilipata mafuta mepesi, kikombe kimoja, nikampigia mama mdogo kwa furaha. Tangu hapo sijaweza kurudia. Nikipunguza kostiki, vitundu havifunguki. Nikiongeza, kuta zake zinayeyuka, nabaki na tope. Hapa shuleni hakuna chombo cha kunionyesha nakosea wapi. Nabahatisha tu.

Jumanne mama mdogo alikuja na basi la Ruangwa, amebeba dumu la mafuta ya maganda, ametumwa na wenzake. Alikaa maabara akinitazama. Nilipoyapasha mafuta yake na unga wangu, ikatoka lami nzito. Hakulalamika, aliniuliza tu kwa upole, "Nicholaus, mwanangu, niwaambie nini wenzangu?"

"Sijui, mama mdogo," nikamjibu. "Sijui kama nitaweza."

Nilimsihi abaki nimpeleke hospitali. Akasema magunia yanamsubiri, fungu lake hakuna wa kumbangulia. Kituoni kitenge kilimlegea, akashindwa kukifunga. Nikamfungia mimi, naye akageuza uso kama anatafuta basi.

Jana Ashura, mwenzake wa kikundi, alinipigia. Mama amerudi kubangua, sasa anatumia mkono wa kushoto.

Mpigie, dada. Pengine wewe atakusikia. Mimi nimebaki na unga wangu.

Nisalimie shemeji, Prisila na mdogo wake Ivan. Magreti wangu anakusalimu sana. Mungu awafunike huko mliko, na sisi huku asituache.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Nicholaus