Rudisha Kicheko cha Mjomba

Karibu na soko kuu,
Rumonge, Burundi.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Ismaili,

Hilo neno la kwanza nimeliandika kwa sababu ndivyo mama alivyotufundisha kuanza barua. Usilitegemee sana.

Asalaam alaykum. Habari za Ubelgiji, habari za baridi, na kile kifua chako kimepona? Sisi huku ni wazima wa mwili. Kiangazi kimeingia, vumbi limejaa kila mahali, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanapatikana wa kukaanga. Nimekuuliza hali kama inavyopasa, sasa nina haki ya kukugombeza. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Cubaka, anayesafiri kuja huko, barua hii akukabidhi mkononi. Nimemwagiza asiondoke mlangoni kwako kabla hujaisoma.

Nimeiona trela ya filamu yako. Rumonge nzima imeiona. Imepita simu kwa simu, mpaka wauza mawese wa kule barabarani wanaijua kwa moyo. Ni dakika mbili tu, Ismaili, lakini zimetosha kumchafua mjomba Shafii, mtu aliyetulea miaka yote baada ya baba kufariki.

Unajua kazi yangu. Nahariri video za harusi katika kile chumba changu kidogo, kwa hiyo usije ukanieleza habari za sanaa. Kila ulichokifanya nimekiona.

Kwanza rangi. Picha zile ulizipiga mchana wa jua kali, mimi nikikushikia mwavuli ili kamera isipate moto. Michikichi ilikuwa ya kijani, ukuta wa kiwanda cha mjomba mweupe, na mawese yalikuwa ya rangi ya chungwa kama yalivyo yanapotoka kwenye mashine. Wewe mchana umeugeuza kuwa machweo. Michikichi umeipaka majivu, ukuta umeutia bluu ya maiti, ukaacha kitu kimoja tu kiwake: mikono ya mjomba iliyolowa mawese. Ile chungwa umeisukuma mpaka ikawa nyekundu nzito. Mtu asiyejua mawese ataona damu. Na sisi tunaoyajua tunaona damu vilevile, na hilo ndilo linalonichoma.

Halafu Mama Raisa. Alikuwa anachochea moto chini ya pipa la chikichi, moshi ukamwingia, akatokwa na machozi. Wewe umesogeza picha mpaka yakabaki macho peke yake. Moto hauonekani, moshi hauonekani, pipa halionekani. Ukayachukua macho hayo ukayapachika mara tu baada ya mikono ya mumewe, kisha ukaweka mlango wa stoo unafungwa, kisha giza. Hakuna aliyesema kwamba mzee huyu anampiga mkewe. Hukuhitaji kusema. Umezipanga picha, watu wakajisemea wenyewe.

Ila lililo baya kuliko yote ni kicheko. Mjomba aliinua mikono kwa sababu wewe ulimwambia ainue. Ulimtania kwamba Wabelgiji watadhani amepakwa hina kama bibi harusi, akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwepo. Wewe ukakifuta kicheko, ukapunguza mwendo, ukaweka mdundo wa mashine chini yake kama moyo wa mtu anayekimbizwa. Sasa lile domo lililofunguka linaonekana la mtu anayenguruma. Hivi ulipokaa mbele ya kompyuta yako, ukafanya hayo yote, hukumkumbuka hata kidogo?

Wanawake sokoni wakaanza kumvuta Mama Raisa pembeni na kumuuliza kama ana amani nyumbani. Aliwaeleza habari za moshi. Wakamwitikia kwa huruma, jinsi mtu anavyomwitikia mke anayemficha mumewe. Akaacha kwenda sokoni.

Kisha wakaja watu wa Kabezi. Unajua Raisa anaolewa huko, na ndoa inafungwa hapa nyumbani Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Walikuja watatu, wakala, wakanywa chai, wakasifu wali. Baadaye shangazi wa bwana harusi akaweka kikombe chini na kutoa kilichowaleta.

“Ndoa hatuikatae. Ila huyu mubaba asishike mukono ya mutoto wetu. Iko mikono watu walishaona.”

Wanataka baba mzazi aliye hai, mwenye akili zake, asimuozeshe binti yake mwenyewe. Bwana harusi atoe mkono, na wa kuupokea awe mtu mwingine. Mjomba alikuwa amekaa palepale. Nilimtazama nikitegemea awafukuze. Aliangalia viganja vyake, akavificha chini ya kanzu.

Tangu siku hiyo anavisugua kwa majivu na ndimu mpaka vinapasuka. Mtu aliyekamua mawese maisha yake yote, rangi ile imeshaingia kwenye kucha, haitoki. Ameacha kumpa mtu mkono msikitini.

Nimejaribu mwenyewe kuitengeneza upya trela yako, niwapelekee wa Kabezi waone ukweli. Rangi nimezirudisha karibu na zilivyokuwa. Mwendo nimeuongeza. Macho ya Mama Raisa nimeyatoa. Lakini kicheko sinacho, na bila kicheko bado ni mtu anayenguruma, mchana badala ya jioni.

Basi Jumamosi nilimpelekea mjomba maikrofoni kiwandani. Nilimwambia acheke kidogo tu, nitakipachika kicheko hicho mahali pake. Alikubali kwa kunionea huruma mimi. Nikamkumbusha hata ule utani wa hina. Alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena, kisha akaniomba nizime.

“Haiko tena, mutoto wangu,” akasema. “Umuombe Ismaili. Yeye ndiye iko nayo.”

Kwa hiyo nakuomba, na ni kwa ajili yake tu naomba: nitumie ile picha ya asili pamoja na sauti yake, siku hiyohiyo utakayosoma barua hii. Trela uifute. Usiniambie habari za mtayarishaji wala tamasha.

Mama Raisa anakusalimu, maana moyo wake si kama wangu. Raisa hakukutaja. Mjomba Hadji anakusalimu pia, na yeye ana habari yake: jana baada ya swala ya alasiri kaka yake alimwita, akamwomba amuozeshe Raisa badala yake. Hakuna aliyemlazimisha. Hadji alipokataa, mjomba Shafii alimwambia kwamba yeye mwenyewe ameitazama ile trela, na hata yeye asingempa mkono mtu yule aliyemo.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe aibu.

Dada yako, ambaye bado anakupenda na hafurahii jambo hilo,

Mwanahamisi