Viti Vyeupe vya Tonton Saidi

Mjukuu wangu Amina,

Mbote kutoka Kisangani. Sisi tuko. Babu yako anakohoa kidogo, lakini sahani ya sombe anaimaliza.

Unauliza kwa nini mama yako tulimwita Mvula.

Wakati wa uasi, jirani yetu Tonton Saidi alikuwa na motokari ya Kiamerika yenye paa la kukunja, nyekundu, ndefu kama mtumbwi wa Isangi. Ee, ilikuwa inang'aa! Wingu likitokea tu, alikuwa anaifunika mbio, akihofia viti vyake vya ngozi nyeupe.

Siku uchungu uliponishika, mvua ilikuwa kubwa. Tonton akanilaza nyuma, kisha akafungua paa.

«Tonton, mvula!» nikalia.

«Mama, kwenye bariere askari wanaogopa motokari ya kufungwa. Acha baone tumbo.»

Askari wakaona tumbo, wakatufungulia njia. Tulifika hospitali tumelowa chapachapa, na mama yako akazaliwa salama.

Viti vile havikurudia weupe. Mgeni akiuliza madoa yametoka wapi, Tonton alikuwa anamwita mama yako aje kusalimia.

Koko wako anayekuwaza,
Mama Zaina