Shujaa Povu Alishuka kwenye Lori

Kathiani
4 Machi 2001

Kwa mume wangu Kilonzo,

Waonaje hali huko Nairobi? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua kila ninapoteremka kisimani. Maharagwe yametoa maua.

Usione haya, mjukuu wangu, nikikuita mume. Ulipewa jina la marehemu babu yako, na mke wa jina hilo ni mimi, hakuna mwingine. Yeye alikuwa karani wa korti, na wewe ni karani wa kampuni. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimewasimulia kina mama wa kanisa mpaka jirani yetu Mutindi ameanza kunikwepa njiani.

Sasa sikia. Mwalimu Ndeti anakutaka shuleni siku ya wazazi, tarehe ishirini na saba Julai, uwaeleze watoto jinsi mtu wa hapa anavyofika kukaa ofisini. Nimeshakubali kwa niaba yako. Uvae tai.

Ni mimi mkeo,
Susu


Nairobi
25 Machi 2001

Kwa Susu, nyanya yangu mpendwa,

Habari ya nyumbani? Pole na goti, likande kwa maji moto ya chumvi. Mimi niko salama.

Hiyo Julai ni ngumu. Kampuni yetu ya sabuni iko na shughuli nyingi, na ruhusa haitolewi ovyo. Mwambie Mwalimu atafute mtu mwingine. Na tafadhali, usiwaambie watu mengi kunihusu. Kazi yangu ni ya kawaida tu.

Mumeo,
Kilonzo


Kathiani
13 Mei 2001

Mume wangu,

Natumaini umeamka salama. Goti limesikia chumvi, asante.

Jana nilikuwa sokoni Machakos na Mutindi. Tulikuta lori la sabuni, na juu yake mtu aliyevaa suruali ya kubana ya samawati, joho jekundu na kinyago cha kufunika uso wote. Wanamwita Shujaa Povu. Alikuwa akirukaruka na kunguruma kwamba hakuna uchafu utakaomshinda, na watoto walikuwa karibu kuzimia kwa furaha. Sabuni alikuwa akiwarushia watu kutoka kule juu.

Zamu yangu kwenye foleni ilipofika, aliacha kurukaruka. Akashuka kwenye lori, akainama, akanipa sabuni kwa mikono miwili. Watu walicheka sana. Shujaa gani huyo wa kupaa mawinguni, halafu anashuka chini kwa ajili ya ajuza mwenye kikapu? Mutindi akasema, "Huyo amelelewa na nyanya yake, si bure."

Mimi niliitia sabuni kikapuni. Kuna mtoto mmoja tu niliyemchapa kwa kumrushia mzee kitu akiwa amesimama mahali pa juu, na nilimchapa mara moja ikatosha. Ningependa kujua kama huko ofisini kwenu jua ni kali.

Susu


Nairobi
30 Juni 2001

Susu,

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki saba. Nilianza barua nne, nikazichana zote. Natumaini u mzima.

Ni mimi. Nilipokuona kwenye foleni nilitamani dereva awashe lori tuondoke. Nilitaka kukurushia kama wengine, lakini mkono ulikataa.

Nitakuambia ukweli. Nikiwa ndani ya kile kinyago mimi ni mtu. Watoto wanagombania kunishika, watu wazima wanacheka nami. Jioni nikikivua, napita katikati ya watoto walewale na hakuna hata mmoja anayeinua macho. Naogopa nikija nyumbani bila ukarani nitakuwa hivyo hivyo, hata kwako. Nimebeba jina la karani wa korti, Susu, na kazi yangu ni kurukaruka juu ya lori. Mwambie Mwalimu kwamba ninaugua.

Kilonzo


Kathiani
15 Julai 2001

Mume wangu,

Nitakuita hivyo hata kama wewe hukuliandika neno hilo mwishoni mwa barua yako. Pole kwa kubeba haya peke yako. Nimelia, nimekasirika, nimekula, sasa naandika.

Nimeitafuta ile barua uliyoniandikia ulipoajiriwa. Ulisema umepata kazi kwenye kampuni, basi. Neno karani halimo. Nililiweka mimi, na si mara yangu ya kwanza. Babu yako hakuwa karani. Alikuwa akifagia korti na kuwabebea makarani mafaili yao, na alikuwa mwema kuliko wote waliokalia viti vile. Siku ya mazishi niliona aibu, nikamwambia mhubiri aseme karani, naye akasema. Nilimvisha marehemu koti ambalo si lake, halafu nikakurithisha wewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na aliyeiazima ni mimi.

Leo baada ya ibada nilisimama mbele ya kanisa lote, nikayasema yote mawili, fagio la babu yako na lori lako. Mutindi aliangalia viatu vyake. Baadaye Mwalimu Ndeti alinifuata nje, akauliza kama bado utakuja kusema na watoto. Nimemwambia sijui, kwa sababu safari hii sitakujibia.

Mimi nimeshalivua lile koti, mume wangu. Nimebaki nahisi baridi kidogo mbele ya watu wote hawa. Njoo tusimame wawili.

Mkeo,
Susu